Kanga zetu zimemsahau sungura

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na kama mkasi lazima upite basi upite huku mwanzoni, kule mwishoni muache maana ndo kuna ombi langu.

Nimekuwa nafatilia humu malumbano ya wasomaji kuhusu kanga. Upande mmoja wanalalamika kwamba misemo ya siku hizi imekuwa mipasho mikavu, hakuna fumbo, mtu anatukanwa wazi wazi kwenye nguo ya elfu kadhaa. Upande wa pili wanajibu kwamba kanga bila mpasho sio kanga ni shuka. Mi naona wote mnazunguka mbuyu. Mpasho hauna ubaya, bibi zetu walipashana vizuri tu na wakaazimana chumvi jioni yake, ila wao walikuwa na hadithi nyuma ya maneno na aliyepashwa ilibidi akae afikirie kwanza kabla hajanuna. Sasa hivi kwenye kanga hadithi haipo. Na nasema hivyo kwa sababu mimi nakusanya nguo za hadithi za wanyama, ni ugonjwa wangu wa miaka mingi, watoto wangu wameshazoea, na katika kabati langu lote nguo za hadithi za kwetu ndo chache kuliko za kigeni. Hilo ndilo linaloniuma.

Nieleze kidogo maana watu wakisikia nguo za wanyama wanafikiri madoa ya chui. Hapana. Madoa ya chui sikusanyi, wala tisheti ya simba anayeunguruma, wala kile kitenge cha twiga twiga kinachouzwa kwa watalii. Nguo ili iingie kabatini kwangu lazima mnyama awe anafanya jambo la kwenye hadithi, yani ukimwonyesha mtu aliyelelewa na bibi aseme aah huyu si yule aliyefanya hivi na hivi. Kobe peke yake ni kobe tu. Kobe amefika kwenye mstari na sungura amelala chini ya mti, hiyo ni hadithi, naichukua hata kama ni bibu ya mtoto yenye doa la uji.

Vingi navipata kwenye mitumba, Karume hapo na kwingine. Wauza tai na skafu wananijua, belo likifunguliwa ananiwekea pembeni, nikipita utasikia "mama sungura, leo kaja mgeni wako!" na wengine wanacheka ila biashara inafanyika. Tai ndo zina hazina kubwa na watu hawajui. Wazungu wana tabia ya kuvaa suti ya heshima kabisa halafu kwenye tai wanaweka vituko vidogo vidogo ambavyo huvioni mpaka usogee karibu, kwa hiyo nina tai ya hariri ya buluu ambayo ukiwa mbali unaona vidoa tu, ukisogea unakuta mbweha anarukia zabibu, mbweha anarukia zabibu, mpaka chini. Kijana aliyeniuzia aliitazama akasema "mama huyu mbona ni sungura wetu kageuzwa mbwa", maana sisi tulivyofundishwa shuleni ni sungura ndo anarukia matunda anachoka anaondoka zake akisema sizitaki mbichi hizi. Kwa Aesop, yule msimulizi wa kale wa Ugiriki, alikuwa mbweha, huku akafika akawa sungura, na mi naona sungura kaiweza zaidi maana ana ile nyodo.

Skafu nazo ninazo, na sweta za watoto, na pochi moja ya kitambaa ambayo mbweha anamkaribisha korongo supu kwenye sahani bapa halafu ukigeuza upande wa pili korongo ndo kamkaribisha mbweha na supu iko kwenye chupa ya shingo ndefu. Huyo fundi aliyeishona mi namvulia kofia, maana hadithi ina pande mbili na pochi ina pande mbili, akaona. Vifungo pia. Karne ya 19 huko Ulaya walikuwa wanapiga chapa vifungo vya chuma vyenye picha kwa ajili ya magauni ya akina mama, na hadithi za Aesop zilikuwa humo, mbweha na zabibu zake, mbweha na korongo, vitu hivyo leo watu wanavisaka, Marekani kuna chama kabisa cha wakusanya vifungo kimeanzishwa tangu 1938, National Button Society. Kwa hiyo wanaoniita chizi wajue machizi wenzangu wana chama na wana viongozi. Cha kwangu mimi sio cha zamani, ni kopi tu, kimetoka kwenye koti la mtumba ambalo lenyewe lilikuwa limeliwa lote nikakata kifungo nikaacha koti.

Binamu yangu anayefanya kazi melini aliniletea kutoka Japani kile kitambaa wanachoita tenugui, cha pamba, kirefu kama sentimita 90 na upana 35 hivi, wanafunga kichwani au wanajifutia, na ncha zake hawazipindi kabisa wanaziacha zichomoke nyuzi. Kwangu ina sungura na vyura wanapigana mieleka, chura kamwangusha sungura chali, na pembeni vyura wenzake wanacheka mpaka wanashika matumbo. Hizo picha asili yake ni michoro mirefu ya kuviringisha, ni ya hekalu la Kozan-ji kule Kyoto, ilichorwa karne ya 12 na 13, haina neno hata moja limeandikwa, picha tupu, na Wajapani wameihamishia kwenye soksi, mikoba, feni za mkononi, kila kitu. Kuna sehemu chura amekaa akiwa ndo sanamu ya Buddha na nyani amevaa kanzu ya kasisi anamsomea dua. Karne ya 12! Kwa sheria zangu kile kitambaa kilikuwa na utata maana hakina hadithi unayoweza kuisimulia kutoka mwanzo hadi mwisho, ila nilikaa nacho nikaona bibi yangu angekiona asingeshindwa kukitungia, nikakipitisha.

Sasa Mhariri nisikilize hapa. Ukitazama wenzetu waliofanya vizuri utagundua hadithi wanajua pa kuiweka kwenye nguo. Kuna kile kitambaa maarufu cha Bayeux kule Ufaransa, kimedariziwa kwa sufu karne ya 11, urefu wake karibu mita 70, kinasimulia vita vya mwaka 1066 jinsi William alivyoivamia Uingereza. Watu wote wanatazama katikati kwenye farasi na mishale. Mi nikikiona kwenye picha natazama pindo. Juu na chini kuna pindo mbili zinakwenda na kitambaa chote, na humo ndani kuna wanyama wa Aesop, kuna mbwa mwitu na mwanakondoo, kuna mbwa mwitu na korongo aliyemtoa mfupa kooni, na yule kunguru mwenye jibini anayesifiwa na mbweha mpaka anafungua mdomo jibini linadondoka, huyo anatokea mara tatu. Mara tatu! Wafalme wako katikati wanaapa na kusalitiana, na huku pembeni wanyama wadogo wanasema yao kuhusu kusifiwa uongo na kuibiwa. Wasomi bado wanabishana kama waliodarizi walikuwa wanapiga fumbo au wanapamba tu. Mwanamke yeyote wa Pwani aliyewahi kuvaa kanga akiwa na jambo lake hawezi kubishana hapo.

Wafaransa waliendelea. Mshairi wao La Fontaine alipotoa hadithi zake za wanyama kwa mashairi kuanzia 1668, zikaingia kwenye kila kitu, na kile kiwanda cha vitambaa cha Jouy karibu na Paris, kilichoanzishwa 1760, kilimtumia mchoraji Huet kuchora mseto wa hadithi hizo kwenye pamba ya rangi moja, pamoja na ile ya msaga unga na mwanae na punda wao ambao kila anayepita njiani anawasema, akipanda baba wanasemwa, akipanda mtoto wanasemwa, wakimbeba punda ndo balaa. Vile vitambaa vilikuwa zaidi vya mapazia na vitanda. Skafu za hariri za La Fontaine nazo zipo, na mpya bei yake ni ya kukutoa jasho. Mi zangu ni za mitumba, kingo zimechoka, sina shida.

Na sisi?

Sisi tuna nguo ambayo imeumbwa kwa kazi hii kuliko hariri ya Mfaransa na pamba ya Mjapani. Kanga ina pindo pande zote nne, ina mji, yani ile picha ya katikati, ina jina, yani ule usemi wake. Hakuna nguo nyingine ninayoijua duniani ambayo kila kipande kinatoka kiwandani na maneno yake chini ya picha, na watu wanaikagua dukani kwa maneno kwanza ndo rangi. Tangu zile leso za vipande vilivyounganishwa karne ya 19, mpaka maneno yakaanza kuandikwa, kwanza kwa herufi za Kiarabu halafu za Kirumi, mpaka ile chapa ya K.H.E. Mali ya Abdulla ya Mombasa ambayo mama zetu walikuwa wanaikagua alama kabla ya kulipa, yote hayo ni matayarisho ya kuweka hadithi. Picha na usemi, hadithi ya mnyama si ndo ina vitu hivyo viwili tu? Lakini tunachochapa ni nusu nusu. Kuna kanga zina mnyama hazina hadithi, simba kakaa katikati kama nembo ya benki, tausi kafungua mkia, samaki wawili. Kuna nyingine zina usemi wa mnyama lakini katikati wamechora korosho na maua, kwa mfano ile ya "Naogopa simba na meno yake siogopi mtu kwa maneno yake", usemi mtamu mno, hebu fikiria angechorwa simba mwenye meno na pembeni mtu mwenye mdomo mrefu! Kwenye ile niliyonayo mimi kumechorwa mananasi.

Hapo nitaje hadithi ninayoitaka, na naomba wasomaji wa Unguja mnisaidie maana ni yenu. Ni ile ya kima na papa. Kima alikuwa anakaa kwenye mkuyu uliokua ufukweni, matawi nusu yako upande wa mji nusu yananing'inia baharini, anakula kuyu, na papa anakuja chini ya mti anaomba atupiwe, kima anamtupia, siku zinakwenda wakawa marafiki. Siku moja papa akasema rafiki yangu umenifadhili sana njoo na mimi nikupeleke kwetu nikukirimu, panda mgongoni. Wakafika katikati ya bahari papa akamwambia ukweli, sultani wetu anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakulia. Akasema ningejua mapema ningekuja nao, sisi kima tukisafiri mioyo yetu tunaiacha mtini, nirudishe nikauchukue. Papa akageuza. Kima alipofika akarukia tawi na hakushuka tena, papa anaita chini shuka twende, kima anamwambia unanifanya mimi punda wa dobi?

Na hapo ndani ya hadithi inafunguka hadithi nyingine. Punda wa dobi alitoroka akaenda porini akanenepa, sungura akamwona, akaenda kumwambia simba mgonjwa nitakuletea nyama, akamdanganya punda kwamba anaposwa na simba. Punda akaenda, simba akamrukia, akamkwaruza, punda akapiga mateke akakimbia. Sungura akamfata tena kwa maneno matamu, na punda akarudi! Safari hii simba akammaliza. Simba alipoondoka kidogo sungura akala moyo na masikio, simba aliporudi akauliza viko wapi, sungura akajibu huyu punda hakuwa na moyo wala masikio, angekuwa navyo asingerudi hapa mara ya pili.

Hiyo ilisimuliwa Unguja na Padri Edward Steere akaichapa London mwaka 1870 pamoja na nyingine nyingi. Lakini ni kongwe kuliko Unguja yenyewe. Kule India kwenye Panchatantra, kitabu chao cha kale cha hadithi, iko hivyo hivyo na yule punda wake ndani, ila papa ni mamba, mkuyu ni mzambarau, na sungura ni mbweha. Ibn al-Muqaffa alipoiandika kwa Kiarabu karne ya 8 kwenye kitabu cha Kalila na Dimna, papa akawa ni kasa. Japani nako wanayo, mfalme wa bahari anataka ini la nyani, na anayetumwa ni konyeza, yule wa baharini mwenye mwili wa utelezi kama jeli, ndo maana konyeza hana mifupa, alirudi mikono mitupu akapigwa mpaka mifupa ikaisha mwilini. Hadithi moja imezunguka bahari yote hii ya Hindi na kwenda mbele na kila bandari inabadilisha samaki. India wachoraji wa pattachitra, ile michoro ya jadi ya vitambaa ya Odisha, wanachora hadithi zao mpaka kwenye sari. Sisi tulioipata hadithi hiyo kwa majahazi hayo hayo yaliyotuletea vitambaa hatujaiweka hata kwenye kitambaa cha kufutia vyombo.

Sasa chukua kanga. Mji, weka mkuyu mkubwa na kima juu anatafuna. Pindo zote nne, papa anazunguka, anazunguka, hana pa kupandia. Jina: MOYO WANGU NIMEUACHA MTINI. Mhariri hebu niambie hiyo ni kanga au sio kanga? Binti aliyeolewa mbali na alikotaka ataivaa. Mjane anayesumbuliwa na shemeji ataivaa. Na aliyechoka kukopwa na jirani ataivaa siku jirani anapiga hodi, jirani atasoma mgongoni wakati mwenzake anageuka kuingia ndani, na hana la kushitaki kwa mjumbe maana hapo ametukanwa nani, si kima tu anaongea na papa. Halafu doti nyingine, punda anapiga kwato kurudi kwa simba na sungura mbele yake anaonyesha njia, na jina ANGEKUWA NA MASIKIO ASINGERUDI. Hiyo mi nina mtu wangu nataka kumnunulia kabisa, ameshamrudia yule bwana, sisemi zaidi.

Na ile ya sungura aliyekuta nyayo za simba zimeingia nyumbani kwake akasimama nje akaita nyumba hujambo, kimya, akasema ajabu leo, kila siku nikiisalimia nyumba yangu huitika, na simba humo ndani kwa ujinga wake akaitika. Jina lake TANGU LINI NYUMBA IKAITIKA SALAMU. Akinamama mnaofatwa fatwa na wapelelezi wa mtaa mnajua pa kuivaa.

Wale mnaotaka mpasho mtaupata tena mkali, na wale mnaotaka heshima mtaipata, kwa sababu mnyama anabeba lawama yote. Ndo kazi ya hizi hadithi tangu zamani, mtu mdogo anasema mbele ya mkubwa na shingo yake inabaki salama.

Najua nitajibiwa. Nimeshawahi kuuliza maduka ya Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo, jibu ni lile lile, mama dizaini ya hivyo haitoki, watu wanataka maua na maua ni salama. Sikubali. Obama aliposhinda 2008 kanga zake zilitoka zina sura yake katikati na hongera yake, na watu walinunua bila kuuliza maua yako wapi. Kanga za kampeni zinatoka, za harusi, za mikutano ya akinamama kanisani zinatoka kwa oda. Kuchora kima hakuwezi kuwa kazi kuliko kuchora sura ya rais. Na kama zinakochapwa ni India, na nyingi zinachapwa huko siku hizi, basi wachoraji wao hadithi ya nyani na mamba wameinyonya kwa mama zao, hawahitaji hata kuelezwa.

Jibu la pili ni zito zaidi na silipuuzi, kwamba kanga ni nguo ya kuswalia na wengi hawataki picha ya kiumbe chenye roho kwenye nguo ya swala. Sawa kabisa, na mimi mwenyewe za kuswalia ninazo zangu za maua na korosho. Lakini za simba na tausi zipo madukani miaka yote na kila mwenye nazo anajua ya kuvaa wapi, hatuna kanga moja moja sisi. Hizo ziwe za kutokea, za ngoma, za kufunga juu ya gauni siku ya kwenda kumtembelea mtu unayetaka asome.

Kitenge sikipendekezi, niseme wazi. Kitenge ni picha ile ile inajirudia yadi sita na fundi anakata anapotaka, ninacho kimoja cha sungura na kobe alinishonea fundi hodari kabisa wa mtaani kwetu, kobe wote wameishia kwapani na sungura mmoja kichwa kiko kwenye mkono mwili uko mgongoni. Hadithi haitaki mkasi. Kanga unaifunga nzima.

Na ndugu zetu wachoraji wa Tingatinga, nawapenda, kazi aliyoianza mzee Edward Saidi Tingatinga kwenye vipande vya hadibodi miaka ya 60 leo iko kwenye mikoba, viatu, makoti ya jinzi, na rangi zao hakuna wa kuzifikia. Lakini wengi wanatuchorea tembo kasimama, twiga kasimama, ndege wamekaa. Wanyama wamejipanga wanasubiri kupigwa picha na mtalii. Nilimwagiza kijana mmoja anichoree mkoba wa fisi aliyefika njia panda akasikia harufu ya nyama njia zote mbili, akataka zote, mguu huu huku mguu huu kule mpaka akapasuka msamba. Alichora kwa furaha mpaka wenzake wakaacha kazi zao wakaja kutazama, na kila mmoja akawa anasimulia jinsi bibi yake alivyokuwa anaimalizia. Huo mkoba nimeshaombwa kuuziwa mara nyingi barabarani, na sio na watalii, na makondakta wa daladala. Kwa hiyo wateja wapo jamani, tena wa hapa hapa. Angalizo kwa wanaonunua hivyo vya rangi ya mafuta, usivikunje, rangi inapasuka kwenye mkunjo na haitengenezeki, viringisha kwenye lile boksi la duara la ndani ya robota la kitambaa, wauza vitambaa wanatupa kila siku ukiomba wanakupa bure. Na Dar hii na joto lake usifungie nguo kwenye nailoni, zinaota ukungu, shuka jeupe la pamba linatosha, na ukifukiza udi kidogo mara moja moja kabati linanukia.

Ombi langu sasa. Naamini kanga za hadithi zimewahi kutoka. Bibi mmoja wa Bagamoyo ameniambia aliwahi kuwa na ya sungura na fisi kwenye mtumbwi, nyekundu na nyeusi, akaitumia ikawa ya jikoni, ikawa mbeleko, ikawa nepi za wajukuu, mwisho ikadekia, ndo maisha ya kanga na simlaumu. Jina lake halikumbuki lote. Kama kuna msomaji ana ya namna hiyo kwenye sanduku la mamake, iwe Tanga, Lamu, Mombasa ambako mnaziita leso, Pemba, Comoro, hata Muscat maana najua zilifika huko na wenyewe, namwomba asiikate na asiidekie. Aipige picha atume kwa Mhariri, na Mhariri akinikubalia hata kona ndogo ya ukurasa kila Jumapili atuwekee moja moja watu waanze kutambua na kusimulia, pengine na wenye viwanda watasoma. Siombi kupewa, picha inatosha. Lakini ipigwe ikiwa imefunguliwa yote juani, msiikunje, pindo zote nne zionekane, jina lisomeke, na kwenye kona tafuteni ile alama ndogo ya mchapaji na namba yake, hiyo mpige peke yake kwa karibu.

Wako,
Mama Sungura,
Ilala, Dar es Salaam